Ndege Inapokataa Kukubaliana na Karatasi ya Uzito: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitafuta

Rubani anazima injini, anashuka, anamwambia fundi: "Fundi, hii ndege imebadilika. Pua inataka kupanda yenyewe." Fundi anafungua daftari la ndege na kusoma karatasi ya uzito. Kila tarakimu iko ndani ya mipaka. Basi kuna kitu kinachokosea, karatasi au ndege, na katika kazi hii sijawahi kuona ndege ikikosea kuhusu uzito wake yenyewe. Karatasi ndiyo inayokosea, kwa sababu ilitengenezwa siku moja na ndege ikaendelea kubadilika: redio ikaongezwa, propela ikabadilishwa, rangi ikapigwa juu ya rangi, kiti kikang'olewa na kurudishwa kingine.

Mwongozo huu unafuata njia ile ile anayopita fundi. Unaanza na dalili, kisha unatafuta chanzo. Usianze na trimu, yaani kidhibiti kinachompunguzia rubani kazi ya kushikilia usukani. Trimu inaificha dalili tu, na ukishaificha umempa rubani ndege ambayo imebaki na akiba ndogo ya eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, kuliko anavyodhani.

Hesabu yenyewe, kwa haraka

Kila kitu ndani ya ndege kina uzito, na kila kitu kiko umbali fulani kutoka kwenye mstari wa rejea uliochaguliwa na mtengenezaji. Umbali huo ndio mkono. Uzito ukizidishwa na mkono unapata momenti. Jumlisha momenti zote, gawanya kwa uzito wote, umepata kitovu cha uzito. Kilicho nyuma ya mstari kina mkono wa kujumlisha, na kilicho mbele yake kina mkono wa kutoa. Alama hiyo ya kutoa imesababisha makosa mengi kuliko kitu kingine chochote nilichokutana nacho katika karatasi hizi, na nitairudia huko mbele.

Tuchukue ndege moja ndogo ya injini moja tuitumie hadi mwisho. Mstari wa rejea uko kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Gurudumu la pua liko sentimita 20 mbele ya mstari huo, kwa hiyo mkono wake ni −0.20 m. Magurudumu makuu yako mita 1.45 nyuma. Ndege ikiwa tupu, mizani ya pua inasoma kilo 205, ya kushoto 262, ya kulia 258. Jumla ni kilo 725. Momenti ya pua ni −41, na ya magurudumu makuu ni kilo 520 mara 1.45, yaani 754. Jumla ya momenti ni 713. Gawanya kwa 725: kitovu kiko mita 0.983 nyuma ya mstari.

Dalili: pua ni nyepesi

Inajionyesha kwa namna nyingi. Ndege ikiwa imeegeshwa, shokapu ya gurudumu la pua inaonekana imenyooka kuliko kawaida. Abiria akikanyaga ngazi ya nyuma, pua inaacha ardhi. Kwenye mbio za kuruka, pua inainuka kabla rubani hajavuta usukani. Hewani usukani ni mwepesi mno mkononi, kila kiguso kinazidisha, na trimu imesogezwa mbele karibu na mwisho wake.

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Kitovu kikirudi nyuma, ndege inapoteza tabia yake ya kurudi sawa yenyewe baada ya kuyumbishwa. Ikiingia stoli, yaani pale mabawa yanapoacha kuibeba, eleveta inaweza isiwe na nguvu ya kutosha kushusha pua. Ikianza kuzunguka kama pia, huenda isitoke tena. Ndege yenye pua nyepesi kuliko kawaida isiruke hadi chanzo kijulikane, hata kama rubani anasema anaimudu.

Swali la kwanza la kumuuliza rubani: ilikuwa na nani na nini ndani? Kama dalili inatokea pale tu viti vya nyuma na buti la mizigo vikijaa, anza na upakiaji. Angalia mizigo ilipimwa kwa mizani au kwa macho. Angalia kama ilifungwa. Tarehe 29 Aprili 2013, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747-400 iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, ikiwa imebeba magari mazito ya kijeshi. Angalau gari moja lilichomoka na kurudi nyuma, likaharibu mifumo ya haidroliki na mtambo unaoendesha bawa dogo la mkia. Ndege ikainua pua kupita kiasi na kuanguka, na wafanyakazi wote 7 waliokuwemo wakafariki. Mzigo ukiwa mahali pake kwenye karatasi lakini haujafungwa ipasavyo, karatasi hiyo ni sahihi hadi ndege itakapoinua pua tu.

Kama dalili inatokea hata rubani akiwa peke yake na mafuta ya kawaida, sahau mizigo. Tatizo liko kwenye uzito mtupu, au kwenye eleveta yenyewe. Hapa fanya kazi mbili kabla ya nyingine yoyote.

Ya kwanza, pima mwendo wa eleveta, juu na chini, kwa kipima pembe, na ulinganishe na kitabu cha matengenezo. Usitazame kwa jicho. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya Beechcraft 1900D ya safari namba 5481 ya Air Midwest ilianguka mara baada ya kuruka Charlotte, Marekani. Watu wote 21 waliokuwemo walikufa. Siku chache kabla, kebo za eleveta zilikuwa zimerekebishwa katika matengenezo, na marekebisho hayo yalifanywa vibaya, yakapunguza sana uwezo wa eleveta kushusha pua. Ndege ikaendelea kuruka safari kadhaa bila taabu. Siku ile ikajaa abiria na mizigo, na kitovu kikapita mpaka wa nyuma. Karatasi ilionyesha kiko ndani, kwa sababu uzito wa wastani uliotumika kwa abiria ulikuwa mdogo kuliko uzito wao halisi. Eleveta iliyobanwa ilikuwa imevumilika na ndege nyepesi. Makosa hayo mawili yalipokutana, rubani hakuwa na cha kushushia pua. Kila ninapokaza kebo za eleveta huwa nakumbuka ajali hii, na ndiyo maana simwamini mtu anayesema uzito ni kazi ya rubani na kebo ni kazi ya fundi.

Ya pili, weka ndege sawa kwa pimamaji na upime gurudumu la pua peke yake. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya upimaji kamili, lakini ndani ya nusu saa kinakuambia kama kuna la kutafuta. Kwenye ndege yetu ya mfano, kilo 10 zikihama kutoka puani kwenda magurudumu makuu, kitovu kimerudi nyuma milimita 23. Tofauti ndogo kwenye mizani ni kubwa kwenye kitovu.

Sasa tuseme karatasi ya mwisho ya ndege hii inasema propela ya chuma ilitolewa, ikawekwa nyingine nyepesi kwa kilo 8. Propela iko mita 1 mbele ya mstari wa rejea, kwa hiyo mkono ni −1.00. Uzito umepungua, yaani −8, na mkono ni −1.00. Hasi mara hasi ni chanya: momenti inaongezeka kwa 8 na kuwa 721. Uzito mpya ni kilo 717. Kitovu kipya ni 1.006 m. Kimerudi nyuma milimita 22, kama inavyotakiwa unapopunguza uzito puani.

Lakini aliyejaza karatasi aliona kitu kimetolewa, akatoa momenti. 713 ukitoa 8 ni 705. Gawanya kwa 717: 0.983. Tazama tarakimu hiyo vizuri. Ni ile ile ya zamani. Karatasi inasema kitovu hakijasogea hata kidogo, na mkaguzi akiipitia haraka hataona cha kumshtua. Ndege imerudi nyuma milimita 22, karatasi imebaki palepale. Kwa karatasi hiyo ungetegemea gurudumu la pua lisome kilo 203 hivi. Mizani inasoma 193. Ukiona hivyo, fungua kila marekebisho tangu upimaji wa mwisho na uyahesabu upya moja baada ya jingine, ukiandika alama ya kila tarakimu kwa wino.

Kuna pia visivyoandikwa kabisa. Kagua sehemu ya nyuma ya mwili wa ndege kwa tochi. Nimewahi kukuta mkoba wa vifaa nyuma ya ukuta wa buti, umefungwa kwa waya kana kwamba ni sehemu ya ndege, na hakuna aliyejua umekaa humo tangu lini. Kilo 4 zikiwekwa mkiani, mita 3.60 kutoka kwenye mstari, zinarudisha kitovu cha ndege yetu nyuma milimita 14. Kilo 4 hizo hizo zikiwekwa chini ya kiti cha rubani, karibu na kitovu chenyewe, zisingekisogeza kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mkia ndio unaokaguliwa kwanza.

Dalili: pua ni nzito

Rubani anavuta usukani na pua inachelewa kuinuka. Mbio za kuruka zinarefuka. Wakati wa kutua, anapotaka kuinua pua kwa mara ya mwisho kabla ya kugusa, usukani umefika tumboni na pua bado iko chini, kwa hiyo gurudumu la pua linagonga kwanza. Ukiona gurudumu la pua au shokapu yake inaharibika mara kwa mara kwenye ndege moja, na nyingine za aina hiyo hazina tatizo, usiishie kubadilisha sili. Uliza ndege hiyo husafiri na watu wangapi mbele na nini nyuma.

Sababu ni kwamba kitovu kikiwa mbele, mkia unalazimika kusukuma chini kwa nguvu zaidi ili kuinua pua, na mabawa yanabeba uzito wa ndege pamoja na msukumo huo wa mkia. Kasi ya stoli inapanda na mafuta yanaliwa zaidi. Vyanzo vya kawaida ni watu wawili wazito mbele na nyuma patupu, injini au propela nzito zaidi kuliko ya mwanzo, betri iliyohamishiwa mbele, au uzani wa kusawazisha uliokuwa mkiani ukatolewa na mtu aliyedhani ni chuma kilichosahauliwa. Hili la mwisho hutokea. Tutarudi kwake.

Dalili: ndege inachoka

Inakimbia sana kabla ya kuruka, haipandi kama zamani, na injini imepimwa ikaonekana nzima. Hapa tatizo si mahali uzito ulipo bali wingi wake. Kasi ya stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo ndege iliyozidi kwa asilimia 10 inaingia stoli kwenye kasi iliyo juu kwa karibu asilimia 5. Kasi ambayo rubani ameizoea haimlindi tena, na majedwali ya umbali wa kuruka yanamdanganya.

Kuna vyanzo vya aina mbili. Kimoja ni ndege kunenepa. Ndege hunenepa kwa miaka: sponji za kuzuia kelele zinanyonya maji, vumbi na mafuta vinajikusanya chini ya sakafu, rangi mpya inapigwa bila ya zamani kutolewa, viraka vya kurekebisha kutu vinaongezwa, nyaya za vifaa vilivyong'olewa zinaachwa humo humo. Kila kimoja kinaonekana kidogo mno kukiandika. Dawa ni moja tu, kuipima.

Kingine ni mafuta, na hapa kosa ni la vipimo. Petroli ya ndege ina takribani kilo 0.72 kwa lita, mafuta ya ndege za jeti takribani kilo 0.80. Lita 200 za petroli ni kilo 144. Ukizihesabu kwa kipimo cha mafuta ya jeti unapata 160. Kuchanganya kilo na ratili ni kubaya zaidi. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliojaza walitumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, mahali pa kilo kwa lita. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Marubani waliitua kama nyiririko, yaani ndege isiyo na injini, huko Gimli, Kanada, na hakuna aliyekufa. Wao walipungukiwa. Kosa lile lile likigeuzwa upande wa pili linakupa ndege iliyozidi uzito. Kwenye kila karatasi unayoijaza, andika kipimo kando ya kila tarakimu: kg, L, m. Tarakimu iliyo peke yake irudishwe kwa aliyeiandika.

Na abiria? Uzito wa wastani umewekwa kwa ajili ya ndege kubwa, ambamo mzito na mwepesi wanafidiana. Kwenye ndege ya viti vinne au sita hakuna wa kumfidia mwenzake. Pima watu, na mikoba yao ya mkononi wakiwa wameishika.

Baada ya ajali ya Charlotte, mamlaka ya Marekani iliagiza abiria wapimwe upya, na wastani ukapandishwa.

Dalili: ndege inalalia upande mmoja

Angalia mafuta kwanza. Lita 20 za petroli zilizozidi upande mmoja, kilo 14 hivi, zikiwa mita 3 kutoka katikati ya ndege, zinatosha kumfanya rubani ashikilie usukani njia nzima. Kama tanki moja linakwisha kabla ya jingine, kagua bomba la hewa la tanki. Nyigu na matope hupenda kuliziba. Kama matanki yako sawa na ndege bado inalala, basi si suala la uzito. Pima flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, na pembe za mabawa. Kwenye mizani, tofauti ya kilo 4 kati ya kushoto na kulia, kama ilivyo kwenye ndege yetu, haitoi dalili yoyote hewani.

Dalili: inaruka vizuri, inatua vibaya

Rubani anasema mwanzo wa safari hakuna shida, lakini kadiri mafuta yanavyoisha ndege inabadilika. Mafuta yana mkono wake. Kama matanki yako mbele ya kitovu, kila lita inayoungua inakirudisha kitovu nyuma, na ndege iliyoruka ikiwa karibu na mpaka wa nyuma itaupita ikiwa hewani. Watu hukokotoa kitovu cha kuruka na kuacha hapo. Kokotoa mara tatu: wakati wa kuruka, wakati wa kutua na akiba tu ya mafuta, na bila mafuta kabisa. Hesabu ya tatu pia inakulinda dhidi ya kuzidisha uzito usio wa mafuta, kwa sababu mafuta yaliyo mabawani yanapunguza mkunjo kwenye mizizi ya mabawa. Ukijaza watu na mizigo mahali pa mafuta, jumla inaweza kubaki ile ile lakini mkunjo ukawa mkubwa zaidi.

Dalili: mizani na karatasi hazikubaliani

Umepima ndege na jibu halifanani na la zamani. Kabla ya kuitangaza karatasi ya zamani kuwa na kosa, shuku upimaji wako. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu upimaji mbaya ni mbaya kuliko kutopima. Unampa kila mtu imani mpya.

Je, ndege ilikuwa sawa? Kwenye ndege ndogo kitovu kinaweza kuwa mita 1.2 juu ya ardhi. Pua ikiinuka nyuzi 2 tu, uzito huo wa juu unaegemea nyuma kama sentimita 4, na magurudumu makuu yanausoma kama uzito wao. Sentimita 4 kwenye ndege ndogo ni sehemu kubwa ya nafasi yote kati ya mpaka wa mbele na wa nyuma. Weka pimamaji pale hasa kitabu kinaposema, siyo kwenye sakafu au ukingo wa dirisha unaoonekana umenyooka. Kuiweka sawa, punguza hewa kwenye tairi au shokapu ya pua, au inua kwa jeki kwenye mizani.

Je, mlango wa hanga, yaani banda la ndege, ulikuwa umefungwa? Bawa halijui kwamba uko kazini. Upepo mdogo ukipita juu yake linaanza kubeba, na tarakimu za mizani zinacheza. Zikicheza, subiri.

Je, breki zilikuwa zimefungwa? Ndege ikishushwa kwenye mizani, miguu inatanuka pembeni. Magurudumu yakiwa yamebanwa, msukumo wa pembeni unaingia kwenye usomaji. Achia breki, zuia magurudumu kwa vizuizi, sukuma ndege mbele na nyuma kidogo itulie, kisha soma. Vizuizi vikiwa juu ya mizani, vipime na uvitoe kwenye jumla. Hali kadhalika jeki.

Je, ulipima mikono, au uliinakili? Shusha timazi kutoka kwenye mstari wa rejea hadi sakafuni, weka alama ya chaki. Shusha nyingine kutoka katikati ya kila ekseli. Piga uzi wa chaki kati ya alama na upime kwa tepu ya chuma, sambamba na mwili wa ndege. Sentimita 1 ya kosa kwenye mkono wa magurudumu makuu ya ndege yetu ni kilo 520 mara 0.01, momenti 5.2, na kitovu kinahama milimita 7. Timazi inayobembea inaweza kukupa sentimita hiyo bila wewe kujua. Itulize kwenye kikombe cha oili.

Je, ndani kulikuwa na nini? Uzito mtupu una maana yake: mafuta yasiyoweza kutumika yamo, haidroliki imejaa, oili iko kama kitabu cha ndege hiyo kinavyotaka. Chukua orodha ya vifaa na ukague kimoja kimoja kwa mkono. Kizima moto kipo? Kifaa cha kuvutia ndege kimeachwa kwenye buti? Kama hukumwaga mafuta, yawe yamejaa hadi juu na ujue uzito wa lita moja siku hiyo, kwa sababu joto hubadilisha. Tanki la nusu haliwezi kukupa jibu la kuaminika. Ndege iwe imeoshwa na kukauka, ikiwemo chini ya zulia.

Mwisho, ondoa ndege na uangalie mizani imerudi sifuri. Isiporudi, upimaji wote umebatilika. Pima mara mbili, ikiwezekana tatu, ukiiondoa na kuirudisha kila mara. Majibu yakikubaliana, sasa ndiyo una haki ya kuishuku karatasi.

Dalili: mtikisiko baada ya kupakwa rangi

Huu si uzito wa ndege nzima, ni wa eleveta, rudda (kibao cha mkiani kinachogeuza pua kushoto na kulia) na eleroni (vibao vya mabawani vinavyoilaza ndege) zenyewe. Kila moja ina usawa wake kwenye bawaba. Koti moja la rangi nyuma ya bawaba linaweza kuuvuruga, na kwenye kasi kubwa sehemu hiyo inaanza kutetemeka kwa namna inayojiongezea yenyewe hadi inavunjika. Mtikisiko unaoonekana baada ya rangi, kiraka au mvua kubwa unamaanisha ndege ikae chini. Kagua vitundu vya kutolea maji, vingi huzibwa na rangi hiyo hiyo. Kisha ing'oe sehemu hiyo na uisawazishe upya kwa kitabu.

Ukishapata chanzo

Turudi kwenye ndege ya propela nyepesi. Kitovu kiko 1.006 m na tunataka kukirudisha hadi 0.990. Wengi hukimbilia kufunga uzani wa risasi, ile metali nzito. Uzani ukifungwa mahali palipoidhinishwa mbele, tuseme mkono wa −0.60, unahitaji kama kilo 7. Umerekebisha kitovu, na umepoteza karibu kilo zote 8 ulizookoa kwa propela.

Kabla ya hapo, tafuta cha kuhamisha. Uzito unaohama ukizidishwa na umbali wake, ugawe kwa uzito wote, unapata kitovu kimehama kiasi gani. Tuseme mkiani kuna redio ya kilo 4: kama inaweza kuhamishwa kutoka 3.60 hadi 0.80 kwa michoro iliyoidhinishwa, ni kilo 4 mara mita 2.80, momenti 11.2. Gawanya kwa 717: milimita 16. Jibu lile lile, bila kuongeza hata gramu ya risasi.

Kama hakuna cha kuhamisha na uzani wa kudumu ni lazima, upake rangi nyekundu na uandike juu yake kwamba ni wa kudumu, usiondolewe. Uingize kwenye orodha ya vifaa pamoja na mkono wake. Ule uzani wa mkiani niliousema juu, uliotolewa na mtu aliyedhani ni chuma kilichosahauliwa, haukuwa na rangi wala maandishi.

Kisha andika karatasi mpya: tarehe, uzito, kitovu, jina na sahihi. Ile ya zamani piga mstari kuikata, andika kwamba imebadilishwa na tarehe ya mpya, na uihifadhi. Fundi atakayefuata ataihitaji kufuatilia historia. Mpe rubani nakala mkononi na umwonyeshe kitovu kimekwenda wapi. Halafu panda ndani ya ndege uangalie kwenye mfuko ulio nyuma ya kiti chake, maana karibu kila mara kuna nakala ya zamani humo, imekunjwa, na ndiyo anayoitumia.